Taa ya Njia Panda

Ukitaka kukijua kisiwa cha Tobise, kunja ngumi,
iweke mezani, kidole gumba juu.
Kifundo cha gumba ndicho Mlima Otate;
mifereji kati ya vidole, mitaa yetu mitatu;
na pale jasho linapojikusanya, kwenye mkunjo wa kiganja,
ndipo bandari ilipo, na feri ya saa moja na nusu.

Mimi hukizunguka kwa pikipiki ya manispaa, dakika kumi na nane,
nikihesabu nyumba zilizofungwa.
Mwaka huu mia moja na nne.
Zenye moshi, thelathini na moja,
mojawapo yangu, nayo mlango wake mbovu.
Juu ya mapaa, matuta ya michenza yamepanda mlima kama ngazi
isiyo na wa kuikwea. Chenza huiva, huanguka,
na usiku nguruwe mwitu huogelea kutoka kisiwa jirani
kuja kula urithi wa marehemu.

Njia panda tunayo moja, na taa moja.
Haikuwekwa kwa ajili ya magari. Magari ni sita,
matatu yameota kutu hadi kwenye usukani.
Iliwekwa ili watoto wajifunze kusimama,
wasije wakavuka bara siku moja
wakafa kwa kutojua nyekundu ni nini.
Kila Jumatatu naifuta chumvi.
Chumvi ya hapa haina adabu: huingia kwenye soketi,
kwenye saa ya ukutani, kwenye kurasa za daftari la vifo.

Bibi Iyo Sunaga, miaka tisini na moja,
hushuka madaraja mia mbili na sabini na kikapu chake cha mwani,
akafika kwenye nyekundu, akasimama.
Hakuna gari. Hakuna hata mbwa.
Bahari inapumua upande wa kushoto.
Amesimama.
"Unamngoja nani?" nilimuuliza.
"Chihaya yuko dirishani," akasema. "Ananitazama."

Shule ilikuwa na walimu wawili na Chihaya.
Siku ya michezo alishindana mbio na postamasta, akamshinda;
postamasta anaapa mpaka leo kwamba hakumwachia.
Na mimi, saa kumi na moja jioni, kwenye kipaza sauti:
"Watoto, jua linazama, rudini nyumbani."
Nilisema watoto, kwa wingi.
Umoja ni nguvu, wanasema;
hawajawahi kuita darasa la mtoto mmoja.

Mwezi wa tatu feri ilimchukua.
Alishika ncha ya utepe wa karatasi, wa manjano, sisi tukashika nyingine,
feri ikavuta, utepe ukanyooka, ukalia kidogo, ukakatika.
Kipande changu nilikitia mfukoni
pamoja na barua ya makao makuu:
*Taa ya njia panda izimwe. Haina mtumiaji.*

Nikapanda ngazi Jumatatu, bisibisi mkononi.
Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ililiwa na chumvi.
Chini yangu, Bibi Iyo na kikapu.
Nyekundu.
Akasimama.
Nilitazama dirisha la shule: pazia, vumbi, nzi mmoja.
Naye alilitazama. Aliliona nililoliona.
Hakutikisika.
Basi nami, juu pale, nikangoja kijani.

Skrubu ya kwanza nimeirudisha.
Barua imelowa mfukoni, herufi zimeanza kuogelea,
na nikiulizwa nitasema ukweli: haisomeki.
Jioni bado natangaza. Kwa wingi.

Jana, saa nane za usiku, nikitoka kufunga mashua ya postamasta,
nilimwona nguruwe mwitu, dume, maji yakimchuruzika,
akitokea ufukweni na kushika barabara.
Akafika njia panda. Nyekundu.
Akavuka bila hata kugeuza shingo.

Huyo si wa hapa.